Waliniambia si mkopo, mbona wananikausha damu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na moja. Nina mgahawa mdogo upande wa kusini-magharibi wa mji. Napika pilau, biriani siku za Ijumaa, mishkaki na chapati, na asubuhi kuna maandazi na chai ya maziwa. Nilianza kwa kuwapikia watu harusi na misiba nikiwa nyumbani kwangu, hadi mwaka 2021 nikafungua mlango wangu mwenyewe. Wateja wangu ni Waswahili wa kila aina, Wakongo, Warundi, Wasomali, na siku hizi hata Wamarekani wa ofisi za jirani. Karibu wote wanalipa kwa kadi. Noti naziona kwa wazee wetu wakitoka msikitini, basi.

Septemba mwaka jana friji langu kubwa, lile la kuingia na kusimama ndani, lilikufa usiku wa Alhamisi na nyama ya biriani ya Ijumaa ikiwa humo humo. Fundi akasema mtambo umekwisha, wa kubadilisha wote: dola 19,000 pamoja na kufunga. Nilikwenda benki yangu, wakaniambia nisubiri wiki sita. Wiki sita bila friji, kwa joto la Houston! Nilikuwa napika kwa barafu za kununua kwenye mifuko.

Ndipo Oktoba akapiga simu dalali mmoja, kijana mwenye sauti nzuri, hata namba yangu sijui aliitoa wapi. Akasema pesa itaingia kesho kutwa. Nikamwambia mimi sitaki mambo ya riba. Akacheka, akasema, "Mama, huu si mkopo. Kampuni inanunua mauzo yako ya kadi ya baadaye. Unauza, wananunua. Riba haipo." Mjomba, mimi ni mtu wa swala tano. Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nilisaini kwa kidole kwenye simu, nikiwa nakatakata vitunguu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kampuni ilinunua mauzo ya dola 41,400 kwa dola 30,000. Kwenye akaunti yangu zikaingia 28,650, nyingine walikata ada zao. Walisema watachukua asilimia 18 ya mauzo yangu ya kadi hadi 41,400 itimie. Kumbe si asilimia. Kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, wanavuta dola 276 kutoka akaunti ya benki, niuze nisiuze. Sasa wameshavuta mara 80.

Kilichoniharibia ni barabara. Tangu Novemba manispaa wameichimba barabara ya mbele yetu, na lango la kuingilia maegesho limewekewa vizuizi. Mauzo ya kadi yalikuwa kama dola 32,000 kwa mwezi, sasa ni 19,000. Nimepiga simu kwenye kampuni kuomba wapunguze, wananiwekea muziki. Siku mbili baadaye yule dalali akanipigia mwenyewe, mpole kama kawaida, akaniambia nisihangaike, wanaweza kunipa dola 40,000 mpya, wamalizie deni la kwanza humo humo, mimi nirudishe 56,800 polepole.

Watu nao wananishauri kila mtu la kwake. Bwana mmoja msikitini anasema nifungue akaunti benki nyingine na nibadilishe mashine ya kadi, nione watavuta nini. Kuna kampuni nyingine imenipigia, inasema italimaliza deni kwa nusu, lakini niache kulipa na hizo pesa niwape wao kwanza. Na kina mama wenzangu wa mchezo (tuko 12, kila mwezi 500) nafikiri wangenipa zamu yangu mapema nikiwaomba.

Halafu kuna hili. Katika ile pesa, 19,000 ilikwenda kwenye friji. Dola 6,000 nilizituma Tanga, nikapaua nyumba ya mama yangu. Zilizobaki zililipa kodi ya pango na vijana wawili wanaonisaidia. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Yeye anajua friji lilitoka kwenye akiba ya mgahawa. Hajui lolote kuhusu kampuni, wala bati la Tanga. Dalali alishanitajia kwamba nimeweka dhamana yangu binafsi na kwamba tuna nyumba. Mama yangu sasa halowi mvua ikinyesha, mimi ndiye silali.

Mjomba, nichukue ile 40,000?

Ni mimi, Mama Biriani, Houston

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Usiichukue. Hilo nalitanguliza kwa sababu najua dalali atakuwa ameshakupigia tena kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Sasa nikwambie nilivyocheka, kicheko kisicho na furaha, niliposoma pale "unauza, wananunua". Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu Kagera kuna kitu kinaitwa butura. Mkulima ana shida, mtoto anadaiwa ada au kuna mgonjwa, na kahawa ingali maua mtini. Anakuja mtu na noti mfukoni, anainunua ile kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, magunia ni yake. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado watu wanaifanya gizani, kwa sababu shida haisubiri mavuno. Baba yangu aliwahi kuiuza hivyo kahawa ya sehemu ya shamba, na mwaka ule maua yakapukutika kwa ukame. Yule mnunuzi alikuja, akaitazama miti, akatukana, akaondoka. Alinunua maua, akapata maua. Hakurudi kumdai baba magunia ambayo mti haukuzaa.

Ulichosaini wewe ni butura ya mauzo ya kadi. Kampuni imenunua pilau ambayo hujaipika, kwa mteja ambaye hajaona njaa. Lakini hawa wa Marekani ni wajanja kuliko yule wa kwetu: wanaita ununuzi, halafu mti usipozaa wanadai magunia vilevile. Na mimi nataka uwashike hapo hapo, kwa neno lao wenyewe.

Kwa nini wanang'ang'ania kwamba si mkopo? Si kwa ajili ya swala zako. Mikopo ina sheria za ukomo wa riba katika majimbo mengi, New York ikiwemo, na ukurasa wa 19 wa mkataba ulioniambatanishia unasema mambo yenu yataamuliwa kwa sheria za New York. Ununuzi wa mauzo ya baadaye hauna ukomo huo. Ndiyo maana neno mkopo hulikuti popote katika kurasa zile 26, isipokuwa pale wanapoapa kwamba huu si mkopo. Nimezisoma zote, mbili za mwisho kwa kioo cha kukuzia. Hapo kwenye 1.38 waliyoiandika juu, maana yake tu ni 30,000 zidisha kwa 1.38, ndiyo 41,400 yako. Inaonekana ndogo kwa sababu haina alama ya asilimia. Nimekaa nikaipigia hesabu kama mkopo, kwa 28,650 uliyoishika kweli na makato ya siku 150 za kazi: inakaribia asilimia 130 kwa mwaka. California tangu Desemba 2022 na New York tangu Agosti 2023 zinawalazimisha watoa fedha wa aina hii kumwonyesha mfanyabiashara mdogo asilimia hiyo kabla hajasaini. Texas hailazimishi asilimia, inalazimisha waoneshe jumla utakayorudisha na ada zote. Jumla uliiona. Ulikuwa na kitunguu mkononi, sikulaumu.

Kuhusu riba kidini, mimi ni Mkatoliki, fatwa si kazi yangu. Mpelekee shehe wako mkataba wenyewe, usimpelekee maneno ya dalali. Ila mwulize swali moja: mnunuzi ambaye hapati hasara hata kidogo bidhaa ikikosekana, huyo bado ni mnunuzi?

Mahakama za New York nazo huuliza karibu hivyo hivyo, kwa namna yao. Hutazama kama mkataba unampa mfanyabiashara haki ya kurekebishiwa makato mauzo yakishuka, kama una tarehe maalumu ya kumaliza, na kama kampuni inaweza kukudai biashara ikifilisika. Mkataba usiorekebishika, wenye tarehe, na unaokudai hata ukifa njaa, jaji anaweza kusema huu ni mkopo uliovaa kanzu ya biashara. Si nadharia. Mwezi Machi 2024 Mwanasheria Mkuu wa New York, Letitia James, aliishtaki Yellowstone Capital na wenzake akidai walitoa mikopo iliyofichwa kwa jina la ununuzi, mingine kwa riba iliyofika asilimia 820. Januari 2025 kesi kwa upande wa Yellowstone ikamalizika kwa hukumu ya zaidi ya dola bilioni moja, na madeni ya zaidi ya dola milioni 534 ya biashara ndogo zaidi ya 18,000 yakafutwa. Siwezi kukuahidi wewe jambo kama hilo. Nakuonyesha tu kwamba neno "si mkopo" si ukuta wa jiwe.

Sasa fungua ukurasa wa 7, kifungu kinachohusu marekebisho. Kinasema dola 276 ni makadirio ya asilimia 18 ya mauzo yako, na kwamba unaweza kuomba kwa maandishi, ukiambatanisha stetimenti za benki na za mashine ya kadi, makato yalinganishwe na mauzo halisi. Kwa maandishi, mpwa wangu. Wewe umekuwa ukipiga simu. Muziki wanaokuwekea si bahati mbaya.

Tupige hesabu. Dola 276 kwa siku 21 za kazi ni 5,796 kwa mwezi, nayo ni asilimia 18 ya 32,200. Hapo walikuwa sawa, Oktoba uliuza hivyo. Lakini asilimia 18 ya 19,000 ni 3,420. Kwa hiyo tangu Novemba wamekuwa wakichukua kama dola 2,376 kila mwezi juu ya kile walichonunua. Miezi mitatu, dola 7,100 na ushei. Umekuwa ukiwalipa kwa chakula ambacho hukuuza! Jumla ya 41,400 haipungui kwa marekebisho, tusidanganyane, deni litabaki 19,320 na litachukua muda mrefu zaidi. Lakini 2,376 kwa mwezi ndiyo nyama na mchele wako. Ndiyo pumzi yenyewe.

Andika barua fupi. Taja namba ya mkataba, taja kifungu, andika mauzo ya kadi ya Novemba, Desemba na Januari kama yalivyo kwenye stetimenti, omba makato ya siku yashuke hadi dola 163 na ziada iliyochukuliwa irekebishwe kama kifungu kinavyosema. Usilie humo ndani, usieleze barabara kwa kurasa tatu. Tuma kwa baruapepe waliyoitaja mkatabani, na nakala kwa barua ya posta yenye risiti ya kupokelewa. Kisha mwezi unaofuata tuma tena na stetimenti mpya, na unaofuata tena. Wakikataa au wakinyamaza, ukimya wao huo ni mali kwa wakili wako, maana utakuwa ushahidi kwamba kifungu kiliwekwa kama ua la plastiki.

Na wakili utamhitaji, kwa sababu ya jambo hili jingine. Texas ilipitisha sheria mwaka 2025, HB 700, ikaanza kazi Septemba 1 mwaka huo. Wewe ulisaini Oktoba. Sheria hiyo inamkataza mtoa fedha wa aina hii kujiwekea utaratibu wa kuvuta pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mfanyabiashara, isipokuwa awe na haki ya dhamana juu ya akaunti hiyo iliyokamilika kisheria, na awe wa kwanza mbele ya wadai wengine wote. Kwa akaunti ya benki, kusajili karatasi tu serikalini kwa kawaida hakutoshi kuipata haki hiyo, na mara nyingi aliye mbele ni benki yenyewe. Je, kampuni yako imetimiza? Je, kifungu cha sheria za New York kinawasaidia kuikwepa ya Texas? Hayo ni ya wakili wa madeni ya biashara aliyesajiliwa Texas, si ya mtunza hesabu kama mimi. Uliza bei ya mkutano wa kwanza kabla hujaketi, na mpelekee mkataba, stetimenti na nakala ya barua yako. Sheria hiyo hiyo imefuta pia vile vifungu ambavyo mtu anasaini mapema kwamba amekubali kushindwa kesi ambayo haijafunguliwa. Ukikuta kifungu hicho, mwoneshe.

Sasa ile 40,000. Ni tamu kwa sababu inaonekana kama inalipa deni. Ichukue uitazame: 40,000, toa 19,320 ya deni la zamani, toa ada kama 2,000 hivi kwa jinsi walivyokukata mara ya kwanza, mkononi mwako zinabaki 18,680. Utarudisha 56,800. Hata tukikuondolea ile 19,320 ambayo ulikuwa unadaiwa tayari, unarudisha 37,480 kwa ajili ya 18,680. Kila dola unayoishika, unarudisha mbili. Tena ndani ya 19,320 kuna faida yao ya kwanza, ambayo sasa inazidishwa upya. Na dalali anakata kamisheni kwa mara ya pili. Nimetunza hesabu za migahawa na saluni za kusuka kwa miaka mingi. Wale niliowaona wakifunga milango si waliochukua pesa hii mara moja. Ni waliochukua ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Nyumbani tungesema mikopo ya kausha damu, na tungejua tunazungumzia nini.

Kuna kitu hukukiuliza, nami nitakiuliza mimi. Kodi ya mauzo iko wapi?

Mteja akilipa sahani ya dola 20, kadi inakatwa 21.65, kwa sababu Houston tunakusanya asilimia 8.25. Akiongeza bakshishi dola 3, mashine inaandika 24.65. Kampuni inahesabu asilimia 18 juu ya hiyo yote. Maana yake wanachukua sehemu ya kodi ambayo si yako, ni ya serikali, na sehemu ya bakshishi ambayo ni ya vijana wako. Pengo hilo unaliziba wewe kwa pesa ya mchele. Wenye migahawa wakibanwa hivi, kitu cha kwanza wanachokigusa ni kodi ya mauzo, kwa sababu iko pale pale kwenye akaunti na tarehe yake haijafika. Kama umeshaigusa, usinifiche hata kwenye barua ijayo. Kampuni ni ya kubishana nayo, ofisi ya kodi ya jimbo si ya kubishana nayo, na deni la kodi uliyokusanya kwa wateja linaweza kukufuata wewe binafsi. Fungua leo akaunti ya pembeni, kila Jumatatu hamishia humo kodi ya wiki iliyopita.

Huyo bwana wa msikitini anakutakia mema, lakini anakutuma kwenye shimo. Kuhamisha mauzo kwenye akaunti ya siri na kubadilisha mashine ya kadi bila kuwaambia ndiko kuvunja mkataba kuliko kote, na kunabadilisha kesi yako. Leo wewe ni mtu aliyeuza kidogo. Kesho utakuwa mtu aliyeficha. Dhamana binafsi uliyosaini mara nyingi huamshwa na kitendo hicho hasa. Pia wanaweza kuandikia kampuni inayokusindikia malipo ya kadi, na zile za kupeleka chakula majumbani, ziwashikilie pesa zako. Benki inaweza kuzuia makato ukiiagiza, hiyo ni haki yako, lakini agizo hilo litoke baada ya wakili kusema, si baada ya swala ya Ijumaa.

Wale wa "tutalimaliza kwa nusu" wakipiga tena, waambie asante. Kazi hiyo ipo, na wakili anaweza kuifanya. Lakini anayekwambia acha kulipa, nipe mimi kwanza, anakula pesa ya mwanzo huku wewe unashtakiwa. Nimeona mtu akidaiwa na wawili badala ya mmoja.

Nyumba, kidogo upumue. Katiba ya Texas inailinda nyumba ya familia dhidi ya wadai wa kawaida, ukiondoa mwenye mkopo wa nyumba yenyewe, kodi ya ardhi na mambo machache mengine. Mshahara wa kazini nao, kwa madeni ya kawaida, hauguswi hapa. Dalali anapoitaja nyumba anataka usilale. Mahali penu pa kuumia ni akaunti ya benki, hiyo inaweza kufungwa kwa amri ya mahakama. Hili pia lithibitishe kwa wakili.

Ukihitaji pesa, iko pesa isiyokausha damu, ila inakwenda polepole, na wewe friji tayari linafanya kazi. Kwa mtu asiyetaka riba, ningeanza na Kiva ya hapa Marekani: mkopo wa hadi dola 15,000 kwa asilimia sifuri, watu wengi wanakuchangia kidogo kidogo, na wa kwanza kuchangia huwa ni wale wanaokufahamu. Wewe unalisha nusu ya Waswahili wa Houston, hao huwakosi. Kuna LiftFund ya San Antonio, shirika lisilo la faida linalokopesha wafanyabiashara wadogo, riba ipo lakini ni ya kibinadamu. Mikopo midogo ya SBA, idara ya serikali ya Marekani ya biashara ndogo, inafika dola 50,000, ila hairuhusiwi kulipia madeni ya zamani, na masharti ya uraia na ukaazi yamekuwa yakikazwa, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kujaza fomu. SCORE wana washauri wa bure, wengi ni wastaafu waliowahi kuendesha biashara. Omba mmoja aliyewahi kuwa na mgahawa, mwoneshe hesabu ya wiki 13 zijazo, wiki kwa wiki, pesa inayoingia na inayotoka.

Mchezo wa kina mama, waombe zamu yako. Lakini waambie ukweli wote, na ile 6,000 ya mchezo isiingie mdomoni mwa kampuni hata dola moja. Nunua mchele, nunua nyama, lipa vijana, weka bango kubwa pale barabarani lenye mshale wa kuingilia maegesho kwa nyuma. Wapigie manispaa waweke kibao kwamba biashara ziko wazi, na piga picha za vile vizuizi, zina tarehe, zitafaa barua yako. Na biriani ya Ijumaa, kwa muda barabara hii itakapokuwa imechimbwa, ipeleke. Oda za ofisini na za harusi, watu wanaolipa kabla, hizo ndizo mauzo ya mbele yenye heshima.

Limebaki bati la Tanga. Sikukemei kwa kumpaulia mama yako, ni nani kati yetu ambaye hajatuma pesa iliyokuwa na kazi nyingine? Nakukemea kwa mume. Barua ya mahakama, ikija, italetwa nyumbani, na yeye atakuwa barabarani huko Nebraska anasomewa na mtoto kwa simu. Mwambie wewe kabla. Usianzie na kampuni, utajikuta unatetea kurasa 26. Anzia na usiku ule wa Alhamisi, friji limekufa na nyama iko ndani, halafu mwambie namba tatu: 41,400, 22,080 zilizokwisha kulipwa, 19,320 zilizobaki. Halafu bati. Mtu anayeendesha lori masafa yale anajua kuhesabu maili zilizobaki.

Akirudi safari hii, mwambie. Barua ya kampuni itoke kabla ya hapo, Jumatatu asubuhi, ukimaliza kukaanga maandazi. Nakala niletee.